Mpira Ulioanguka Katikati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mpira wa wavu, Ndugu viongozi wa klabu, wageni waalikwa, wazazi, na ninyi wanangu wa timu mliojibanza nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo?

Mheshimiwa ameniita hazina. Jamani, hazina si ndiyo ile hufukiwa? Nisubirini kidogo, bado napumua.

Nimecheza miaka kumi na minne, nikafundisha ishirini na miwili, na neno nililolitamka zaidi kuliko jina langu ni moja: "Wangu!" Mpira ukija, mwenye nao apaze sauti. Wawili wakinyamaza, kila mmoja akimstahi mwenzake, mpira unaanguka katikati yao. Nani kati yenu sikumzungusha uwanja mara kumi kwa kosa hilo?

Basi leo ninapostaafu, nami nikiri. Alikuwepo fundi wa kutushonea wavu. Wavu ule ulishonwa misimu mitatu, na kusema kweli haukuwa mbovu kiasi hicho. Wenzangu, walioniita Ngazi kwa urefu wangu, wakanitania: "We Ngazi, mwana wa watu anakungoja!" Nikasema mashindano yaishe kwanza. Yeye mpole, hakusema. Mimi mwenye sauti ya kutikisa mabati, sikusema. Siku moja akaukunja wavu vizuri, akaniambia, "Huu haukatiki tena, dada." Akaenda zake, akaoa kwingine. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mazoezini.

Tangu hapo nimelea mabinti wa watu, na nimewapenda. Lakini mazoezi yakiisha, kila mmoja ana kwao. Mimi hufunga ukumbi, nikaenda kupika kikombe kimoja cha mchele, na bado wali ukabaki. Mpweke mimi, ndugu zangu, acheni niseme. Na kesho hata ukumbi wa kufunga sina.

Nahodha, njoo uchukue filimbi na funguo. Usilie, mama, utaniliza mbele za watu.

Sasa sikieni, maana sirudii. Naishi nyuma ya duka la fundi cherehani, si yule wa wavu, mlango wa kijani. Jumapili mchana napika vikombe kumi na viwili. Sisemi "njooni mkipata nafasi". Hayo ni maneno ya adabu, na adabu ndiyo iliyoniponza. Ninyi nyote huko nyuma, mmenisikia?

Wangu!

Asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza.