Esperansia Nkeshimana, Mtoto wa Sita kati ya Wanane

Ndugu zetu mlioacha mashamba na biashara zenu mkaja Keza kutushika mkono, mimi ni Tecla, mdogo wake marehemu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia ya Mzee Leonidasi, na kabla sijaanza nawaambieni wazi kwamba karatasi niliyopewa jana na kikao cha ukoo ninayo mkononi, nitaifuata kwa tarehe zote, isipokuwa mstari mmoja ambao sitausoma hata mkininyang'anya kipaza sauti.

Marehemu Esperansia Nkeshimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 hapa Keza, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa sita kati ya watoto wanane wa Mzee Leonidasi na Mama Nimpaye. Mstari ninaoukataa unasema wa nne kati ya sita, kwa sababu kaka yetu Ndayisenga na dada yetu Kaneza walifariki kwa surua katika wiki moja ya Agosti 1985, wakiwa wadogo, na tangu hapo Baba alipiga marufuku majina yao kutajwa nyumbani, akiamini kuwa kidonda kisichoguswa hupona.

Alisoma shule ya msingi hapa Keza kuanzia 1996 hadi 2002, sekondari Ngara mjini 2003 hadi 2006, kisha kozi ya kompyuta Biharamulo mwaka 2008, na mwaka uliofuata aliajiriwa huko huko kwenye steshenari ya Bi Swabaha, akitoa kopi, akichapa barua na kadi za harusi. Hapo ndipo alipojifundisha ile programu ya kuchora kwa mistari, ambayo picha yake ukiikuza hata iwe kubwa kama ukuta haivunjikivunjiki, akaanza kuchora nyuso kwa majina, anaandika jina, analigeuza kuwa umbo, analipinda mpaka likae vizuri kwenye shavu au kwenye nyusi, nawe ukisogea karibu unakuta bibi harusi ametengenezwa kwa majina ya watu waliomlea. Wapo waliosema hiyo si kazi, ni kuchezea mashine, na baadhi yao mmekaa viti vya mbele, lakini picha zake zimetundikwa kwenye sebule zenu, kwa hiyo tusidanganyane.

Tarehe 21 Septemba 2013 alifunga ndoa na Mwalimu Yohanes wa Nemba, Biharamulo, wakajaliwa watoto wawili, Pancras na Tecla, huyu wa pili akiwa amerithi jina langu na, kama walimu wake wanavyolalamika, mdomo wangu.

Mwaka 2018, kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wetu, alimchora Baba kwa majina ya watoto na wajukuu, na alipomwomba Mama amtajie wote, Mama, huku anachambua maharage, aliwataja wote bila kuruka hata mmoja. Bango lilitundikwa, watu wakapiga vigelegele, Baba akavaa miwani akasogea kusoma, akasimamisha ngoma, akaamuru kwa Kirundi, lugha anayoitumia akikasirika, kwamba majina yale mawili yafutwe, na wazee wakamuunga mkono, wakisema kuwachanganya waliokufa na walio hai ni uchuro. Esperansia alipiga magoti, akajibu kwa heshima kwamba kufuta si kazi, ni kubonyeza mara mbili tu, ila majina hayo ndiyo macho yenyewe, Ndayisenga jicho la kulia na Kaneza la kushoto, na yeye hawezi kumpofusha baba yake mbele ya wageni. Hakufuta. Kwa miaka saba hakuitwa kwenye kikao chochote cha nyumba hii, naye hakuomba msamaha, na mimi nasema alifanya vyema.

Mwezi Aprili 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Biharamulo na baadaye Mwanza, akiendelea kuchora kitandani huku kompyuta ipo mapajani, hadi Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipofariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Inauma, na sitajifanya haiumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Nemba na Keza mliopika na kuchimba, walimu wanaofundisha na Yohanes, vijana wa bodaboda mliobeba wafiwa kwenye njia hizi zetu, na Bi Swabaha aliyefunga duka siku tatu akaja kulala nasi chini matangani.

Baba, shikamoo, najua hukukataza kwa ubaya, ulikataza kwa maumivu, lakini kazi ya mwisho ya binti yako ilikuwa kuchora majina ya misalaba mitatu, fundi wa kuchomelea ameyakata kwenye bati kwa kufuata mchoro wake, na makaburi mawili madogo yaliyokaa na mawe matupu kwa miaka arobaini yamesimikwa misalaba leo asubuhi. Mama amesimama katikati yake, na anayetaka kuing'oa aanze kumng'oa yeye.

Ndayisenga, Kaneza, Esperansia, pumzikeni kwa amani.