Macho Makavu Msibani

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele ya chama chetu cha kuzikana, nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Ameniomba muda mrefu nami nimekuwa nikimkwepa, kwa sababu walionisukuma ni wanachama. Wengine wamekaa hapa leo, wamejifunga kanga safi, wananitazama. Simtaji mtu jina. Hata nikisema wifi, msianze kugeuza shingo, nina mawifi wengi. Lakini sikuja kuwachekea. Anayesubiri kusikia kwamba yote yamekwisha na sasa tunapendana, aondoke mapema akawahi foleni ya maji.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba hapa hapa Mkunya. Nitasema kama ilivyokuwa.

Mume wangu alifariki mwaka ule mvua zilipochelewa, korosho za mwisho zikiwa zimeshaokotwa. Alishikwa na tumbo, tukampeleka hospitali Newala mjini. Nilimuuguza huko, kisha nikarudi nyumbani mara moja kumtazama binti yetu. Asubuhi yake shemeji yangu akaingia uani na pikipiki, akaizima, akabaki amekaa juu yake. Nikajua. Kabla hajafungua mdomo nikamwuliza, "Maji ya kumwoshea yapo?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo ndilo lililonimaliza. Mnaijua Newala yetu. Bomba lilikuwa limekauka, kisima chetu cha mvua kimebaki tope. Maiti inakuja, wageni wanakuja kutoka Makote na Masasi, watatawadha, watakunywa, watapikiwa. Akilini nilimwona mume wangu amelazwa na hakuna maji ya kumtia mwilini. Kichwa changu kilikimbilia kwenye ndoo kwa sababu kwingine kote hakukupitika.

Shemeji akasimulia. Jeneza linaingia, kila mtu ameshajua kwamba mjane alipoletewa habari aliuliza maji. Ndani wanawake mlikuwa mnalia, wifi yangu ameshikwa huku na huku asijipige chini. Mimi nimekaa kwenye mkeka, macho makavu. Nilitaka kulia. Nilijifinya paja ndani ya kanga mpaka pakavilia damu. Hayakuja. Wifi akaacha kulia, akanitazama, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume nje:

"Mtazameni huyo. Anayejua kilichomuua atalia nini?"

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mlikuwepo. Mlileta unga, mlileta kuni, nawashukuru kwa unga na kuni. Lakini maneno yale mliyabeba mkaondoka nayo kama mnavyobeba sahani zenu matanga yakiisha.

Nikaingia eda. Mjane wa eda hatoki, na mimi sikuwa na hamu ya kutoka. Humo ndani ndipo mwili ulipoanza. Kifua kilibana kama mtu amenikalia. Moyo ulikimbia nimekaa, sijafanya kazi yoyote. Mikono ilitetemeka, kikombe cha chai kinamwagika. Usingizi ukinichukua, nashtuka kama nimeitwa. Chakula kilikuwa kama majivu. Nilianza kusahau maneno. Siku moja nilitaka kumwambia binti yangu alete ungo, neno "ungo" likanipotea, nikabaki nachora duara hewani, mtoto akaanza kulia.

Na mnajua ilivyo kwetu. Kila ugonjwa wa kifua ni salfa. Miaka yote nilikuwa napulizia mikorosho pamoja na mume wangu, yeye na mashine mgongoni, mimi namjazia unga wa salfa, ile dawa ya ukungu. Basi ikaamuliwa kwamba salfa ya misimu iliyopita imekaa kifuani mwangu. Nikaletewa maziwa, eti yaioshe. Ninywe maziwa asubuhi, ninywe maziwa jioni, nisikanyage shambani kabisa, nisiinuke, nisichoshwe. Hata eda ilipoisha nikakatazwa kutoka. Waliokataza hawakuwa na ubaya wote. Mama yangu mdogo alikuwa analia akinikatazia. Lakini ni kosa lililotaka kuniua. Mtu mwenye mawazo mkimfungia ndani na kikombe cha maziwa, mmemfungia na mawazo yake. Nilikaa nayo, nikayalisha, yakanenepa, mimi nikakonda.

Nilipojaribu kwenda kwenye maji, foleni ilinyamaza. Mnaujua ukimya ule. Mtu alikuwa anacheka, anafunga mdomo. Mwingine anasogeza ndoo yake isigusane na yangu. Nikawa nanunua maji ya baiskeli kwa bei ya mwenye baiskeli, ili nisione nyuso zenu. Kuna asubuhi niliona afadhali nisingeamka. Nalisema hili kwa sababu nimeahidi kusema ukweli, na kwa sababu najua si mimi peke yangu hapa ndani niliyewahi kuliwaza.

Habari zikafika Makote kwa mjomba wangu, kaka yake marehemu mama yangu. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Akaja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kukaa. Akaniambia ninyooshe mikono. Nikainyoosha, ikatetemeka mbele yake kama ya mlevi.

"Watu wanasema unaongea peke yako," akasema.

"Naongea na nani mwingine, mjomba?"

"Shule zikifungwa nakuja kumchukua mtoto. Hapa hapana mtu wa kumlea."

Nilipigwa hapo. Mume alikwenda kwa amri ya Mungu. Mtoto alikuwa anakwenda kwa amri ya foleni ya maji. Binti yangu alisikia yote akiwa jikoni. Kuanzia siku hiyo akawa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, anafagia palipofagiwa, ili mjomba akirudi akute nyumba ina mtu. Alikuwa darasa la sita. Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyekuwa analinda nyumba yangu.

Msimu wa salfa ukafika. Mikorosho ilikuwa inatoa maua, na kila aliyepita aliniambia ukungu umeanza. Nikatoka alfajiri bila kumuaga mtu, nikajifunga kitambaa puani, nikavaa mashine ya marehemu mgongoni. Mikanda yake ilikuwa bado imeachiwa kwa kimo chake, ikanipwaya. Nikapulizia mti wa kwanza, upepo ukanigeukia, salfa ikaniingia machoni. Mnajua inavyochoma. Machozi yakatoka. Nikayafuta, yakaja mengine. Nikaendelea kufuta, mpaka nikagundua kwamba salfa imeshakwisha machoni na mimi bado nalia. Nikakaa chini ya mkorosho na mashine yangu mgongoni.

Shamba la wifi yangu limepakana na letu. Akaja mpaka kwenye mpaka, akasimama, mkono kiunoni.

"Kumbe machozi unayo," akasema. "Siku ya maziko uliyaficha wapi?"

Siku zote nilikuwa namnyamazia. Nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Siku hiyo nikainuka.

"Nilikuachia wewe ulie, wifi. Tungelia wote, nani angetafuta maji ya kumwosha kaka yako?"

"Usinitajie kaka yangu."

"Nitamtaja. Ni mume wangu. Nilimlisha uji kwa kijiko kule hospitali, wewe ulikuja ukakaa dirishani ukauliza ule wali umeletwa na nani. Kama unamjua aliyemuua, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ukamseme. Kama humjui, ukome."

Nilikuwa napiga kelele. Waliokuwa mashamba ya pili waliacha mashine zao wakasikiliza. Wifi akarudi nyuma akisema kwa watu, "Mmesikia? Salfa imempanda kichwani." Akaenda zake. Na mimi nikaita jina la mume wangu, mara ya kwanza tangu afe, nikalia mpaka jua likawa juu. Nilipomaliza nilisikia njaa. Nilikuwa nimeisahau njaa ilivyo. Nikachimba muhogo, nikawasha moto pale pale, nikachoma, nikala ukiniunguza ulimi.

Sitawadanganya kwamba nilipona hapo. Mikono iliendelea kutetemeka. Lakini niliona kitu. Kulia, kugomba, kufanya kazi na kula, vyote siku moja, vilifanya kifua kilegee. Basi haikuwa salfa. Nikaenda zahanati kuuliza.

Muuguzi akanipima presha, akaniuliza maswali mengi, akaniacha niseme. Kisha akasema, "Mama Zuhura, ukikuta nyoka kwenye majani ya korosho, mwili unafanya nini?"

Nikamwambia moyo unakimbia, mate yanakauka, mikono inatetemeka.

"Nyoka akienda zake?"

"Unatulia."

"Wako hajaenda. Mwili wako unamwona kila siku."

Nikamwambia, "Namwona kweli. Anakaa nyumba ya pili." Alicheka mpaka akaweka kalamu chini, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msibani.

Akanieleza kwamba ule ni msongo wa mawazo, kwamba si wazimu wala si kurogwa, na kwamba mwili unaweza kufundishwa kutulia. Akanifundisha kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, moyo ukianza mbio. Akaniambia nirudi shambani, nisile peke yangu, nipate mtu mmoja wa kumwambia kila kitu. Na lile wazo la kutoamka, likirudi, nisilingojee kesho, nije siku hiyo hiyo. Nilikwenda kwake kwa miezi.

Shule zikafungwa, mjomba akaja na begi tupu la kuwekea nguo za mtoto. Sikumlilia. Nilimwambia, "Mjomba, ninaumwa, na kinachoniuma nakijua, na ninatibiwa. Kaa hapa uone. Ukiona mtoto halelewi, mchukue." Akakaa. Aliniona naamka, napulizia mikorosho, napika, nakaa kwenye ngazi navuta pumzi zangu kama mtu anayepuliza moto. Mara nyingine aliniona nalia nikipepeta, na sikuificha. Binti yangu akaacha kuosha vyombo visafi, akaanza kutoka kucheza. Nadhani hilo ndilo mjomba aliloliona. Aliondoka na begi lake tupu. Hakusema nimepona. Alisema atarudi kuangalia. Nikamwambia karibu.

Sasa shukrani. Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru jirani yangu mmoja, naye sitamtaja, ambaye siku zile mlizokuwa mnasogeza ndoo zenu, alikuwa anabeba mihogo yake nyumbani kwake anakuja kuimenyea barazani kwangu. Hakuniuliza kitu. Anamenya mihogo yake, anaianika ikauke iwe makopa, anaondoka. Nilipokuwa tayari kusema, alikuwa ameshakaa pale. Namshukuru mjomba kwa kukaa na kutazama kwa macho yake. Wifi simshukuru. Sijamsamehe pia, muuguzi ameniambia silazimiki kukimbilia huko. Nikikutana naye namsalimia, anaitikia, basi.

Funzo langu ni hili. Msihesabu machozi ya mfiwa. Mwingine yanamtoka siku ya kwanza, mwingine yanamngoja shambani. Na wewe unayebanwa na kifua, usinyamaze ukadhani ni heshima, na usikubali kufungiwa ndani. Toka, fanya kazi, sema na mtu, nenda zahanati.

Na la mwisho. Kuna mwenzetu kafiwa juzi, nyote mnamjua. Naye hajalia. Jana kwenye foleni nimesikia mmeshaanza. Mimi nikitoka hapa nakwenda kwake na mihogo yangu, nitakaa mlangoni, na kesho nitakaa, na keshokutwa. Anayetaka kuja kumenya, aje na kisu chake. Mwenye neno la kusema juu ya macho yake, atanikuta hapo mlangoni, aniambie mimi kwanza.