Beseni la Kunawia Miguu

Sogeeni, wanangu, na wewe wa kiume, fundi bomba wangu, zima hiyo redio, pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mtangazaji. Nyumba ni yenu nyote wawili, hilo mlishalijua; dada yako achukue chumba cha mbele na cherehani, wewe chukua cha nyuma, na kabati msiligombanie, mlango wenyewe halina. Kilichonizuia kufa tangu Jumatatu ni ile sufuria kubwa ya kupikia bia.

Mkaza mwanangu, usijifiche nyuma ya mumeo, njoo nikuone. Ulipoolewa humu nilikuwa nimepika bia ya kimea miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kuniambia nina mwenzangu. Wewe ukapika mara moja tu, kwa maji yangu niliyoyaacha kwenye beseni, ukidhani ni ya kufulia. Yule jirani yetu mwalimu mstaafu akaonja, akafumba macho, akasema, "Mama, sasa pumzika, mrithi umempata." Na huyu niliyemzaa mwenyewe akaongeza kikombe cha pili, cha tatu, changu akawaachia inzi. Nilikuonea wivu, mwanangu, roho iliniuma mpaka nikatabasamu kwa kuuma meno. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Humu ulisifiwa wewe, na maji nikayatia mimi.

Maana ulipokuja kuniuliza siri, ukapiga goti kwa adabu zako, nilikwambia kinga bombani moja kwa moja, na ukishachemsha ongeza maji mengine ya bomba juu yake ipoe upesi. Nilijua nitendalo. Maji ya bomba yana ile dawa ya kuyasafishia, nayo ikikutana na kimea bia hunuka kama chumba cha sindano. Miaka tisa watu wametema bia yako, na mimi nikakupa pole. Beseni nikalihamishia chumbani, nikasema ni la kunawia miguu.

Basi sikilizeni wote, mficha uchi hazai. Maji yakingwe jana yake, yakae kwenye chombo cha mdomo mpana, bila kifuniko, mpaka kesho yake ile dawa itoke. Kisha yachemshwe wazi, na ya kuongezea yawe hayohayo, yaliyokaa yakachemshwa yakapoa. Ndiyo siri yote, hakuna cha mkono wa baraka.

Nipeni maji kidogo... La, si hayo ya bomba.

Juzi uliniletea kikombe ukasema, "Mama, hii ni ile uliyopika mwenyewe kabla hujaugua." Nilikunywa, nikajua. Yangu haijawahi kuwa safi namna ile. Beseni uliligundua, sijui tangu lini, ukanyamaza, ukaendelea kupika ya kunuka wakucheke, ili bingwa nibaki mimi. Hata kwa wema umenishinda, na hata hapa nilipo nakuonea wivu.

Sufuria ni yako, asikunyang'anye mtu. Siku ya kunizika wape bia yako, ile ya kweli. Mungu awape... awape mikono isiyochoka, na vifua visivyo na kijicho kama hiki changu. Wakisema ni tamu kuliko ya marehemu, waambie ndiyo. Ila ngojeni kwanza... mnifukie vizuri. Nisisikie.