Mhandisi Patrisi Boazi Hhando na Tafsiri ya Malambo

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo hapa Ganako aliagiza asisifiwe bure. Familia imemtii.

Marehemu Patrisi alizaliwa tarehe 12 Aprili 1978 huko Oldeani, mtoto wa nne wa marehemu mzee Boazi Hhando, kibarua wa shamba la kahawa aliyetokea Mbulu, na mama Rozalia. Akiwa na miaka tisa alichimba mfereji kupeleka maji kwenye bustani ya mama yake. Maji yakapotea njia, yakaingia ofisini kwa msimamizi wa shamba, mtu aliyezoea kuwaita vibarua “mikono”, yakamlowesha viatu. Mzee Boazi alimchapa mwanawe mbele ya msimamizi. Walipofika nyumbani akamkatia mua.

Alisoma shule ya msingi Oldeani na sekondari Karatu na Arusha, na mwaka 2004 akahitimu uhandisi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata aliajiriwa idara ya maji wilayani Ngorongoro, akawa analala kwenye hema na kushika spana kwa mkono wake. Tarehe 9 Juni 2007 alifunga ndoa na mwalimu Janeth Sulle.

Mwaka 2011 alichukuliwa na shirika la kimataifa la maendeleo. Spana ikawekwa chini. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kuwakusanya hotelini watu wenye kiu na kuwafundisha maana ya kiu, kwa chai na vitafunwa. Alijua ni upuuzi. “Mke wangu,” alimwambia Janeth siku moja, “leo tumekubaliana kwamba maji ni muhimu. Imetuchukua siku tatu.” Alicheka, kesho yake akarudi kazini.

Machi 2017 wafadhili walikwenda Malambo kuona kisima ambacho shirika liliripoti kuwa kinahudumia watu elfu tatu. Kilikuwa kimekauka miezi minane. Wakubwa waliagiza boza la maji lijaze tenki asubuhi. Bomba likafunguliwa, picha zikapigwa. Mama mmoja mfugaji, Nanyokie, akasogea na kusema kwa Kiswahili, “Maji haya yamekuja na gari. Mkiondoka, sisi tunarudi korongoni na punda.”

Wageni wakamgeukia Patrisi awatafsirie. Akawaambia kwa Kiingereza kwamba mama anawashukuru sana. Wakapiga makofi.

Binti wa Nanyokie, aliyekuwa kidato cha nne, alimweleza mama yake kilichosemwa. Nanyokie alimtazama Patrisi kuanzia kofia hadi viatu. “Umesoma miaka yote hiyo ili uje kuniibia maneno?”

Patrisi alirudi Karatu akijidharau kuliko alivyowahi kumdharau msimamizi yeyote. Aliandika barua mbili: moja kwa wafadhili, yenye kila neno alilolisema mama yule, nyingine ya kuacha kazi. Bosi wake akampigia simu. “Patrisi, utakula nini?”

“Ugali. Vitafunwa nawaachia ninyi.”

Aliporudi Malambo, mzee Moringe wa kijiji kile alimuuliza mbele za watu kama safari hii kamera ameisahau. Patrisi alizunguka milimani miezi miwili akitafuta chemchemi, na kufikia Oktoba 2020 yeye na wanakijiji walikuwa wamelaza kilomita kumi na moja za bomba la mserereko, lisilohitaji pampu. Maji yalipofika, Nanyokie alikunywa, akafuta midomo, akamwambia, “Sasa nakushukuru. Kwa mdomo wangu mwenyewe.” Marehemu alilia hadharani, wala hakuona aibu.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Waliokuwa wenzake ofisini walimletea hospitalini Arusha karatasi iliyomwita “mwezeshaji mahiri wa mabadiliko.” Alisoma, akamkabidhi Janeth. “Hawa hata kifo watakiandalia semina.” Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2025, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 46.

Ameacha mama yake mzazi, mjane, watoto watatu, Benson, Martina na Dominic, na ndugu watano. Shada la maua kutoka shirikani limepokelewa. Liko kando ya banda, na mbuzi wameshalianza.

Mungu amlaze pema fundi wetu, pasipo na vikao.