Sambaza za Maman Espérance

Bamama na bapapa, ndugu zangu, mukunjue kwanza hizo sura. Yule aliyetangulia hapa mbele kutoa ushuhuda amewaliza vizuri, Mungu amubariki, lakini mimi sina cha kuwaliza. Jina ya muntu sitataja hata moja. Nitataja moja tu, juu huyo mwenyewe hayuko duniani, na hakuwaka, hakupata kuwako hata siku moja.

Leo munanijua huku Mibirizi, upande huu wa mpaka, kama muntu wa jembe. Lakini nilipotoka Bukavu nilikuwa muntu wa biatu. Nilizaliwa kule, nikakomalia kule, na nilipofika huku kwenye mulima wa bababu zangu sikujua hata jembe inashikwa upande gani. Nilikuwa nauza caguwa, nguo za mitumba. Zile mbaya niliuza, zile nzuri nilivaa. Bantu bakasema, "Huyu bwana eko na mali." Kumbe nilikuwa na suruali tu.

Basi, vita ya ng'ambo ilikuwa imechacha, mpaka umefungwa, mama yangu na ndugu zangu bote bamebaki upande wa Bukavu. Mimi narudi kutoka soko ya Ruhwa, nimekaa juu ya kamyo, lori iliyojaa tomati. Kufika kona moja, kamyo ikaenda huku, mimi nikaenda kule, tomati zikanifuata. Bantu balipokimbia kuja, bakanikuta mwekundu kichwa mpaka miguu. Mama moja akapiga magoti akaanza kuombea roho yangu. Nikamwambia, "Maman, ngoja kidogo, hii ni tomati." Munacheka! Lakini mguu ulikuwa umevunjika kweli kweli.

Sasa, hospitali zetu munazijua. Dawa unapewa, kitanda unapewa, lakini chakula ni ya bantu bako. Ikifika saa sita, bamama banaingia na masahani, kila mugonjwa na wake. Mimi sikuwa na muntu huku. Na bamama ba shamba, hawa munaona bamekaa pale mbele, balikuwa banalima lengalenga, maharagi na karoti kule bondeni, juu ya bagonjwa basio na jamaa. Kila saa sita balileta sufuria kubwa. Mukubwa wabo, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mulima, alisimama mulangoni akauliza, "Nani hana muntu?"

Ayi! Ndugu zangu, nawaambia, hiyo swali ilikuwa nzito kuliko plasta. Muntu muzima, shati yenye kola imesimama, niinue mukono mbele ya bote niseme sina muntu? Nilikamata magongo yangu, nikasema, "Samahani, bibi yangu eko ananingojea inje." Nikaoa pale pale, bila mahari. Nikaenda nyuma ya ukuta, fasi ya kuanikia nguo, nikakaa peke yangu. Kisha nikavunja kijiti kwenye uzio, nikarudi nachokonoa meno.

Mzee wa kitanda ya jirani akaniuliza, "Leo mama alileta nini?"

"Sambaza, Mzee, zile samaki ndogo za ziwa. Na bugali."

"Sambaza ya kukaanga?"

"Ya kukaanga, na kitunguu, na ndimu. Bibi yangu kwa jiko hachezi."

Chumba kizima kikameza mate. Mimi nilimeza kushinda bote. Kesho yake akaleta sombe, majani ya muhogo ya mawese. Kesho kutwa kuku. Bakauliza jina yake, nikasema Maman Espérance. Sasa nikawa na mutoto pia! Mzee akawa ananiomba, "Umwambie aniachie sambaza moja tu. Hata kichwa." Nami namujibu, "Nitamwambia, Mzee," na kesho yake nasema amesahau. Bantu bakaanza kusema huyo mama ni mupishi lakini ni muchoyo.

Munganga alikuja, akaangalia mguu, akakunja uso. "Hizi dawa hazimezwi na tumbo tupu. Mufupa haukamati, hauungani. Wewe unakula?" Mbele sijafungua mudomo, chumba kizima kikajibu, "Huyu? Huyu anatushinda sisi bote!" Munganga akaenda anatikisa kichwa, na mimi nikabaki naogopa. Nilijua sasa nisiposema ukweli, mguu unaenda. Na ulimi ukakataa.

Mukubwa wa bamama ba shamba naye habari ikamufikia. "Mama anayepika hivyo sisi tunamutaka ku shamba. Kesho tunakuja kumusalimia."

Kesho bakaja kweli, na bitenge bya misa! Mimi nimejificha nyuma ya ukuta, kati ya mashuka, naomba: "Mungu wangu, Adamu ulimupa bibi kwa ubavu moja. Zangu zote zinaonekana, chagua ile unataka." Sijafika amina, mashuka yakafunguliwa. Nikainua macho, bamama bote bamesimama, na mimi nimeshika kijiti mukononi.

"Papa Espérance," mukubwa wabo akasema, "na mama eko wapi?"

Nilitaka kusema ametoka sasa hivi, mungekutana kwenye njia. Lakini tumbo ilijibu mbele yangu, na ilijibu kwa sauti. Nikaanza kulia. Nikasema, "Hayuko. Hakuwaka. Sina muntu."

Nilingoja bacheke. Yule mama hakucheka. Alikaa chini kwenye majani na kitenge yake ya misa, akafunua sufuria, akasema, "Kula." Maharagi na lengalenga, ndugu zangu. Hata sambaza za Maman Espérance hazikufikia pale. Nilipolamba sahani, akasema, "Sisi tulishamwekea bibi yako tuta lake. Ukipona, utakuja kulima kwa fasi yake." Hapo njo balicheka, na mimi nikacheka na machozi yangu.

Niliporudi kitandani, Mzee akasema polepole, "Muntu aliyekula sambaza ananuka sambaza. Nilikuwa nakuomba kichwa ili uchoke kudanganya." Huyo Mzee ameshatutoka. Namukumbuka sana.

Mguu ulikamata. Nikaenda shambani na biatu bya kung'aa, kiatu kimoja kikazama kwenye matope ya bonde, kiko kule mpaka leo. Bamama bakanifundisha kushika jembe, na jina njo hiyo mulima muzima unaniita: Maman Espérance. Ule mpaka ulipofunguliwa, mama yangu alivuka akaanza kuniulizia, hakuna aliyenijua, mpaka bakamupeleka "kwa Maman Espérance." Mama akapiga vigelegele njiani, akidhani nimeoa. Nilipomueleza, alinikamata akalia, kisha akauliza nitaoa lini.

Bamama ba shamba, aksanti. Mulinipa chakula, mukanipa na kazi ya kuwapa bengine. Somo yangu ni fupi: tuliacha kuuliza kwa mulango nani hana muntu. Sasa tunaangalia nani anachokonoa meno.

Juma lililopita nilimukuta papa moja, amevaa tai kitandani. Akaniambia bibi yake ametoka sasa hivi, ameleta kuku. Nikaangalia kijiti chake, kikavu, kisafi. Sikumuuliza kitu. Nikasema, "Papa, hata bibi yangu alikuwa mupishi sana. Onja hii yetu kidogo, uniambie nani anashinda."

Alikula yote, akapangusa na sahani. Kisha akafikiri, akasema, "Bibi yangu anashinda. Kidogo."

Nikamwambia, "Basi kesho nitaleta tena, tulinganishe vizuri."