Gongo la Lansana Chini ya Kitanda Changu

Sikilizeni wanangu, lakini kabla sijafungua kinywa sawasawa, kila mmoja wenu aape kwa sauti kwamba nitakayoyasema hayatavuka kizingiti hiki, hata mbwa wa hapa Makina wasiyasikie. Jeremy, sauti yako sijaisikia. Haya. Mmeapa wote. Sasa niwaambie ukweli, mimi mwenyewe nimeshindwa kukaa nayo. Asubuhi nilimwambia Njambi, na Njambi mnamjua, ukimpa siri anaitembeza mlango kwa mlango kama anauza dagaa wa omena. Ndiyo maana uani kumejaa watu wanaojifanya wanangoja maji. Karibuni, majirani, ingieni, wenye haya na wasio na haya, mgonjwa hauzi kiingilio. Kiapo kimebaki kwenu, wanangu. Changu kimeshamwagika.

Mimi Filister, mke wa marehemu Obiero, naondoka. Msinibembeleze na maneno ya hospitali. Macho yalitangulia zamani, sasa naona ukungu tu na vivuli vinavyopita kwenye ukungu, miguu ikafuata, na leo tangu jua lichomoze nahisi baridi inapanda kutoka vidoleni pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na hana haraka kwa sababu anajua nyumba haina mlango wa nyuma. Kifo sikiogopi, tumekuwa majirani miaka mingi. Ninachokiogopa kiko chini ya kitanda hiki.

Mali yangu haichoshi kugawa. Shamba la Alego ni la Jeremy, kifungua mimba wangu, ndivyo baba yake alivyotaka. Sufuria zile kubwa za kupikia harusi ni za binti yangu Marion, na asimwazime Akoth, dada ya marehemu, kwa maana Akoth alinirudishia moja imetoboka akaniambia eti niliinunua hivyo, na huo ugomvi naenda nao kaburini ukiwa bado moto. Vyumba hivi viwili vya mabati sitavitaja kwanza. Deni nililo nalo ni moja, na si la pesa. Ni deni la neno nililopaswa kulisema nikanyamaza.

Mnakumbuka mwaka jana nilipokuwa nikipika na kufua kule Gatina, kwenye nyumba ya wageni ya Waithaka, mume wa Njambi, ndipo ilipofikia timu ya kriketi ya wanaume wa Siera Leoni. Makondakta pale stejini wakawaita Wanaijeria, maana kwao kila mtu wa Afrika Magharibi ni Mnaijeria, na vijana wale wakachoka kukataa. Wanavaa nyeupe mazoezini kama wanaokwenda kubatizwa, halafu wanajitupa kwenye nyasi. Nikamuuliza Njambi, "Sasa hizi nguo nani atazing'arisha?" akaniambia, "Wewe, na huyo Marion wako, na Mungu akiwa na nafasi." Marion akawa anafua nami, Jeremy analeta makaa, mke wake Whitney analeta sukumawiki, na Ken, mjukuu wangu niliyeachiwa na marehemu binti yangu, akapata kazi ya kubeba mikoba yao na kuvuta lile jiwe la kusawazisha kiwanja. Kwa miaka mingi nyumba hii haikuwahi kuwa na kazi kwa watu wote kwa mpigo. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Kulikuwa na mmoja, Lansana, mrefu, mpole, aliyekuwa akitangulia kupiga mpira mchezo ukianza. Gongo lake, ule ubao bapa wa kupigia mpira, alilirithi kwa baba yake. Kila alasiri alikaa barazani analipaka mafuta kwa kitambaa, kisha analigonga kwa nyundo ya mti, tok, tok, tok, ili mbao ishupae, na wapangaji wa jirani wakalalamika, "Huyo Mnaijeria anatengeneza jeneza la nani?" Mimi nilicheka. Sasa sicheki.

Asubuhi ya mechi yao ya mwisho, gongo halikuonekana. Waithaka, na najua uko hapo mlangoni, kikohozi chako nakijua, ulisimama uani ukapaza sauti, "Ni huyu kijana wa Kibera! Nani mwingine anashika mikoba yao?" Neno hilo halikutimiza hata dakika tano kabla halijafika barabarani. Nikasikia, "Mwizi! Leteni tairi tumchome!" Ken wangu akaniita bibi kwa Kijaluo, "Dani! Dani, waambie!" na mimi nimesimama na mwiko mkononi. Lansana ndiye aliyemlalia juu kwa mwili wake, na ile jezi nyeupe, wakashindwa kumpiga mgeni. Lakini mguu wa Ken walikuwa wameshauvunja. Lansana akaenda uwanjani na gongo la kuazima, na mpira wa kwanza tu ukabomoa vijiti vyake vitatu, akatolewa. Walipokuwa wakipanda gari kwenda zao, akaniinamia akasema, na Ken akanitafsiria huku anauma meno kwa maumivu: "Mama, aliyelichukua namwachia. Lakini gongo la baba yangu halijawahi kulala nyumba moja na uongo." Hakusema kwa hasira, wanangu. Angekasirika ningelala.

Juma hilo hilo nilikuwa natafuta kiatu chini ya kitanda hiki, kwa kupapasa, mkono ukakuta kitu kirefu kimefungwa kitambaa, mafundo mawili. Nikapenyeza vidole. Mafuta yote ya Lansana yalikuwa yamesuguliwa kwa waya wa sufuria na sabuni ya unga, mbao imekwaruzwa hadi imeota nywele, imepasuka ncha kwa kulowekwa. Nikajua papo hapo. Mwizi wa barabarani angeliuza na mafuta yake. Aliyelichukua ni mtu aliyelelewa au kuolewa kwa dobi kama mimi, aliyeona mafuta akadhani ni uchafu, akataka mnunuzi alikute safi. Ni mtoto wa nyumba hii. Ni mmoja wenu, na si Ken, aliyelibeba kila siku na kujua mafuta ni dawa yake.

Nani, sikujua. Kitambaa kile kina rangi, na rangi ina mwenyewe, ningemwita mtu yeyote mwenye macho anitajie. Sikumwita, kwa sababu niliogopa jibu. Nikawaza juu ya Jeremy, maana Lansana alimcheka aliposhika gongo kinyumenyume. Nikawaza juu ya Whitney, ambaye, mwanangu nisamehe, ungepata mnunuzi ungeuza hata kivuli chako. Marion anafulia watu wa Nyayo Highrise, na huko watoto wanacheza mchezo huo huo, lakini Marion ni mama wa kanisa, nikamruka. Basi nikalilalia. Mlidhani tangu juma lile ni miguu iliyonifunga kitandani. Miguu imenifunga juzi tu. Nilikuwa nalinda, ili aliyelificha asilitoe akalichoma.

Na Ken nikamwacha aitwe mwizi. Hilo ndilo deni. Ken, uko hapo kwenye kigoda, nasikia mkongojo wako. Gatina hukanyagi tena, kazi hupewi, wasichana wanashika mikoba ukipita, na bibi yako alikuwa amelalia ushahidi kama kuku anayeatamia yai bovu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mimi niliuona mzigo wako ni mwepesi kwa sababu haukuwa mgongoni kwangu.

Lakini gongo halikukubali. Mchana kweupe, nyumba imetulia, nalisikia chini yangu, tok, tok, tok. Mnaniambia ni panya. Haya, ni panya. Panya gani anapumzika ninapomtaja Ken na kuanza tena nikinyamaza? Watoto wa nyumba hii wanakohoa kikohozi kisicho na jina, na kuku wamekufa hata yule jogoo mkorofi. Sisi watu wa ziwani tunaijua chira, laana ya mwiko uliovunjwa. Anayeficha kosa mpaka mama yake akashushwa kaburini, akarusha udongo juu yake kimya, chira haimpigi kelele. Inamkausha, yeye na uzao wake, kama omena juani. Ndiyo maana nasema leo, nikiwa bado na pumzi. Sitaki nizikwe juu ya mtoto wangu.

Nipe maji, Whitney. Kidogo tu. Inatosha.

Basi, agizo. Timu imerudi Nairobi juzi kwa mashindano mengine, na Njambi hakukosea safari hii, alimtafuta Lansana. Becky, binti wa Njambi, amemchukua, amepiga simu sasa hivi kwamba wameshuka pale Nyayo Highrise, wanakuja kwa miguu. Akifika, Jeremy na Waithaka watainua kitanda hiki nami nikiwa juu yake, gongo litatolewa likiwa bado kwenye kitambaa chake, na watu wote hawa wenye macho watatazama ni kitambaa cha nani. Vyumba hivi viwili ni vya Ken. Mnizike Alego, upande wa Obiero, na asilie mtu kwa kujionyesha. Akoth atataka, mzuieni.

Sasa fumbeni macho. Marion, wewe una maneno ya kanisani, piga magoti hapa karibu nami utuombee, na mimi nitawabariki chini chini, pumzi si nyingi. Omba, mwanangu. Ndiyo. Vizuri.

Jeremy, shamba likupe mavuno, na moyo wako usiwe... usiwe na kutu. Whitney, Mungu akupe wateja na akupunguzie maneno. Ken, jina lako lirudi nyumbani kabla yangu... kabla sijatoka. Na wale wadogo, kikohozi kiwaache.

Marion, umesema "Baba yetu uliye mbinguni" mara ya tatu sasa, mwanangu, na mkate bado hatujaufikia. Na sauti yako imeshuka. Inatoka chini, kama ya mtu aliyeinama. Nasikia fundo la kile kitambaa linafunguliwa... Ee Mungu wangu, si huyu.

Nimekushika.

Fumbueni macho, watu wote. Tazameni mkono huu uko wapi na umeshika nini. Msinitajie jina. Kovu hili hapa juu ya kidole gumba ni la uji, alikuwa na miaka minne, nililipaka asali mimi mwenyewe nikilia kuliko yeye. Nilikuita upige magoti karibu kwa sababu wewe peke yako sikukushuku, nilitaka nife nikikusikia.

Usivute, Marion. Ni nani huyo anaziba mwanga mlangoni? Lansana, kama ni wewe, ingia, baba. Ken, simama uonekane. Usivute, mama, sina nguvu tena, ukivuta kidogo tu mkono utatoka, na ukitoka Ken atabaki mwizi. Sema mbele yao. Sema nikiwa hapa. Sikuachii, mama. Sikuachii.