Kwa Nini Mgeni Kasusa Kahawa

Benchi la kijiwe hiki ni mlango. Mlango kweli, wa mbao, uling'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa ukalazwa juu ya matofali, ukutani mwa kibanda cha fundi cherehani. Kitasa chake bado kipo, na anayechelewa ndiye anayekikalia. Mbele yake kuna jiko la mkaa na birika kubwa lililopigwa weusi na moshi, na nyuma ya birika yuko Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale lakini ndiye pekee anayethubutu kuwaambia wanaume wazima kwamba leo hawajaoga. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la ghorofa lenye geti la kijani. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imekubali, wateja wa siku zote walikuwa wamejaa, ila Shangazi moyo ulikuwa mzito, maana geti lile lilikuwa limefunguka, Mgeni akatoka, akawasalimia wote kwa adabu, akainamisha kichwa, akapita.

— Kapita tena, alisema Redio.

Redio ndiye mlinzi wa geti lile la kijani, ila mwenyewe anadai geti analiona vizuri zaidi akiwa amekaa huku na kikombe mkononi. Habari za jengo zima anazo yeye, na hana mahali pa kuziweka isipokuwa hapa.

Huyo Mgeni ni mwanamke aliyetoka nchi ya mbali kwa mkataba, fundi wa mashine za hospitali, zile za kupiga picha mifupa. Anakaa ghorofa ya tatu, peke yake. Alipofika mjini alikuja kijiweni akauliza, kwa Kiswahili cha kupanga neno moja moja kama matofali, ni wapi atapata mchele usio wa pakiti. Kijiwe kilimcheka. Watu wanahangaika watoke kwenye mchele wa kupimiwa waingie kwenye wa pakiti, yeye anarudi kinyumenyume! Shangazi hakucheka. Aliacha jiko mikononi mwa fundi cherehani, akampeleka dukani wanakokumiminia kwenye chombo chako mwenyewe. Kesho yake akampeleka kwa mshona viatu, halafu kwa fundi wa feni, kisha akamfundisha kuweka maji ya kusuuzia nguo ili adekie ngazi. Mgeni alisema alijiapia kitu kimoja kabla ya kupanda ndege: akihamia mji wa watu, asiwaachie uchafu wake. Shangazi alilipenda sana neno hilo, na kuanzia hapo akawa anamwita mwanangu.

Lakini kulikuwa na la ndani zaidi. Binti yake Shangazi naye ni mgeni huko ughaibuni, anatunza wazee kwenye mji wa baridi. Kila kikombe alichommiminia Mgeni, Shangazi alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba na huko yupo mama wa mtu anayemwuliza wa kwake kaamkaje.

Sasa binti huyo ndiye aliyeleta balaa bila kujua. Siku moja kwenye simu alimsimulia mama yake kwamba huko kahawa wanainywea kwenye vikombe vya karatasi, vina kifuniko, mtu anatembea nacho barabarani. Shangazi akashika kifua. Kumbe mtoto wa watu siku zote namnywesha kwenye kauri iliyomeguka mdomo, naye anavumilia! Hakulaza damu. Akaenda akanunua vikombe vya karatasi, na vile vyake vya zamani, vyeupe vyenye mstari wa bluu, akavitia kwenye beseni chini ya benchi. Siku ya kwanza alimmiminia Mgeni kwa fahari kubwa. Mgeni akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa. Siku ya pili akasema kachelewa kazini. Siku ya tatu hivyo hivyo. Tangu hapo ikawa ni salamu na kupita.

Na vikombe vya beseni navyo vikaota miguu. Shangazi si kipofu. Alikiona kimoja mezani kwa fundi cherehani kikiwa kimejaa vifungo. Alikiona kingine kwenye dirisha la kibanda cha mlinzi, kimepandwa mche wa pilipili. Na mke wa Kamusi, mzee wa pale benchini, alishamnong'oneza sokoni, kama alivyounong'oneza mtaa mzima, kwamba mzee, tangu aletewe meno ya bandia, usiku anayalaza kwenye kikombe kizuri chenye mstari wa bluu. Vingine walibeba wapita njia. Hakuvidai. Aliyevishusha hadhi ni yeye mwenyewe, atamlaumu nani?

— Mimi nasema hela zimemwishia, Redio aliendelea. Ushahidi anao. Takataka za jengo zima anazishusha yeye, na ndoo za wapangaji wengine zinamng'oa bega, lakini ya Mgeni anaibeba kwa kidole. Asiyenunua hana cha kutupa, na asiyenunua mkate atanunua kahawa?

Kamusi akajiweka sawa. Huyu ni karani wa shule aliyestaafu, ana methali kwa kila jambo ingawa mara chache huwa ni ya jambo hilo, na tangu yaje meno mapya maneno yameongezeka maradufu.

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema. Sasa la kwake halivumi. Maana yake limejaa.

— Limejaa nini, mzee wangu, na nalibeba kwa kidole?

— Ndiyo hapo sasa. Anaficha.

Fundi cherehani, ambaye wanamwita Waziri kwa sababu ya ahadi zake, suruali yako ni kesho tangu mwaka juzi, alikata uzi kwa meno akasema wote wamelala. Mgeni aliwahi kumwomba vipande vya vitambaa anavyotupa, ili amshonee mifuko ya kwendea sokoni. Nani anaomba matambara? Yule ni mkaguzi wa usafi, katumwa. Wakubwa siku hizi hawatumi watu wenye sare, wanatuma watu wenye tabasamu. Anahesabu uchafu wa mtaa huu, na siku akimaliza kuhesabu, kijiwe kinavunjwa.

Hapo wote wakajikuta wanatazama mtaroni. Vikombe vya karatasi vilikuwa vimelala humo vimebonyea, vimeshikana na majani, na mvua ya juzi maji yalikuwa yameshindwa kupita yakapanda mpaka kwenye pedali ya cherehani. Redio akakisukuma kimoja kwa kisigino kiingie chini ya benchi.

— Kuna jambo sijawaambia, akasema kwa sauti ya chini. Ana minyoo.

— Anaumwa?

— Anafuga. Sanduku zima, roshani kwake. Anailisha maganda ya ndizi. Nimeiona kwa macho yangu nilipompandishia gesi, imenona, imetulia, inakula vizuri kuliko mimi.

Kamusi akasema haba na haba hujaza kibaba, hivyo ataiuza. Waziri akauliza atamwuzia nani. Kamusi akafikiri kidogo, akayabana meno yake mapya, akatoa jibu. Ile si ni mashine ya kupiga picha mifupa? Basi utajuaje kama mashine inasema kweli, bila kuipima kwanza kwa kiumbe ambacho hakina mfupa hata mmoja? Mashine ikionyesha mfupa kwenye mnyoo, mbovu hiyo. Na kahawa, kama mnavyojua, harufu yake inaua minyoo, kwa hiyo mfugaji lazima aikimbie.

Hoja ilikuwa na sura ya elimu, wakaitafuna. Shangazi peke yake ndiye aliyejua ni uongo mtupu. Mashapo ya kahawa ya kila siku alikuwa akimwekea Mgeni kwenye kopo, na minyoo ile ilikuwa ikiyagombania. Kopo lilikuwa bado lipo kando ya jiko, limefurika, na mwenyewe hajaja kulichukua.

— Nyamazeni, alisema.

Wakanyamaza, maana sauti haikuwa ile ya kuwaambia wakaoge.

— Ninyi mnatafuta kosa kwake. Yule mtoto aliniambia kwamba hapa ndipo pahali pekee mjini anapoulizwa kalalaje. Sasa anapita ameinama kama mtu aliyefukuzwa. Mimi ndiye nimemkosea, na ubaya wenyewe sijui nimemkosea nini. Kama wangu naye huko ametendewa hivi na mtu, nitajisikiaje?

Macho yalikuwa yamemjaa maji. Redio akatazama viatu vyake. Kamusi, kwa nia njema kabisa, akamwambia asilie, maji yakimwagika hayazoleki, na Waziri akamkanyaga mguu.

Mgeni hakuwa amefika mbali, alikuwa amesimama kwenye kona akisubiri gari la hospitali. Shangazi akafuta uso kwa upindo wa nguo, akasimama katikati ya barabara.

— Mwanangu! Hebu njoo.

Mgeni akageuka, akasita, akarudi. Redio akampisha mahali pazuri, akaenda kukalia kitasa mwenyewe. Shangazi akamimina kahawa kwenye kikombe cha karatasi, akampa. Mgeni hakukipokea. Alikitazama, akatazama mtaro, akatazama beseni tupu chini ya benchi.

— Shangazi, aliuliza taratibu, vile vikombe vya mstari wa bluu viko wapi?

Swali jepesi, la mtoto mdogo. Waziri akaanza kutafuta sindano iliyokuwa kwenye kola yake. Redio akaona jambo la haraka getini kwake. Kamusi akafungua mdomo, wote wakasubiri methali, akaufunga.

— Vilizeeka, alisema Shangazi. Hivi vipya nilikununulia wewe.

— Mimi?

— Si ndivyo mnavyonywea huko kwenu?

Mgeni akakaa. Akaeleza polepole, akisimama kutafuta maneno, kwamba ndiyo, huko kwao alivinywea kila siku ya Mungu, na ndicho alichokikimbia. Alipoona siku ya kwanza Shangazi anasuuza kikombe na kumpa mwingine, alijiambia mji huu ataweza kuishi. Halafu yakaja makaratasi. Siku ile alikunywa kwa heshima, na kikombe akakibeba hadi nyumbani kwa sababu mkono ulikataa kukitupa. Kesho yake hakuwa na ujasiri wa kunywa wala wa kukataa.

— Si ungekuja na kikombe chako tu? aliuliza Redio.

— Niende nyumbani kwa mtu na kikombe changu? Si nitakuwa nasema cha kwake kichafu?

Waziri akakiri hapo kasema kweli, mtu wa namna hiyo hata yeye angemshonea suruali mguu mmoja mfupi.

— Niliogopa kukuumiza, Shangazi, alisema Mgeni. Nikakuumiza.

Shangazi alimshika mkono akaubana. Alitaka kucheka na kulia, akafanya vyote viwili. Yaani huyu kajinyima kahawa na yeye kakosa usingizi, wote wawili kwa ajili ya adabu! Akaapa mbele ya benchi lote kwamba toka leo hakuna kufichana: kitu kikikuudhi, kiseme.

Waziri akainuka bila kuambiwa. Kutoka kibandani ikasikika sauti ya vifungo vikimwagwa mezani, kisha akatokea na kikombe, macho chini. Kilikuwa kinanuka mafuta ya cherehani, Shangazi akakiloweka. Redio akavuka barabara akaja na mche wake wa pilipili, akauliza aung'oe.

— Muache, alisema Shangazi. Huyo keshakuwa mpangaji.

Mgeni akaugusa udongo wa ule mche kwa kidole, akasema atauletea mbolea ya minyoo. Redio akamtazama Kamusi kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi, ingawa hakuna aliyekumbuka kesi yenyewe ilikuwa ipi.

Akabaki Kamusi. Wote wakamtazama. Akasema kwake ni mbali. Wakamwonyesha kwake, mlango wa bluu, mwisho wa ukuta ule ule. Akaenda kwa mwendo wa mtu anayeitwa ofisini, akakawia sana, akarudi na kikombe amekifunga kwenye leso. Alikuwa amekisugua mpaka mstari wa bluu unang'aa kuliko siku kilipotoka dukani.

Mgeni akakipokea kabla mtu hajawahi kunyoosha mkono. Akakigeuza kwenye jua, uso wote umemfunguka kwa furaha, furaha ambayo Shangazi alikuwa hajaiona siku nyingi, akakisogeza kwenye birika.

— Hiki ndicho kizima kuliko vyote, alisema. Babu, ulikuwa unakitumia kwa kazi gani?

Redio aliuma midomo mpaka machozi yakamtoka. Waziri akageukia ukuta. Kamusi alitazama mawinguni, mdomo kaufumba kabisa, meno yote ndani. Shangazi alikuwa ameliinua birika, zito, limejaa zaidi ya nusu, na kiapo chake cha kutofichana kilikuwa bado cha moto.

— Kahawa imekwisha, mwanangu, alisema. Kaa, nichemshe nyingine.

Akakitoa kikombe mikononi mwa Mgeni kwa upole, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, akakiacha humo, akakiacha tena.